Nta Sikioni

Ukisikia kwamba msitu wa Sikonge uliuzwa wote, na mizinga yake na nyuki wake, kwa jogoo mmoja mwenye kigugumizi, usikimbilie kucheka. Jogoo alikuwepo. Alikuwa anawika nusu, anavuta pumzi, ndipo anamalizia, na majirani walikuwa wameshazoea kumsubiri. Muuzaji naye alikuwepo: Nyamizi Kapela, mwenyekiti wa chama cha wafugaji nyuki, mwanamke ambaye ukimuuzia kitenge anakipima kwa mkono wake, halafu anakipima tena kwa mkono wako. Mtu wa namna hiyo haibiwi kirahisi. Ndiyo maana watu bado wanajiuliza.

Aliuza akiwa makaburini, siku anamzika baba yake.

Mzee Kapela alikuwa amefuga nyuki mpaka nyuki wenyewe wakawa wanapunguza sauti akipita. Jeneza lake lilipofika, lilikuta kaburi limeshapata mpangaji. Ndani, chali, kofia usoni, miguu imekunjwa kwa starehe, alikuwa amelala Otmar Mbano, Mngoni wa Peramiho, mwenye lori, mtani.

"Ondoka humo, mla panya wewe," Nyamizi alisema, huku anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Baba anasubiri."

"Asubiri. Mimi nimesubiri zaidi. Huyu baba yenu alituahidi Wangoni msitu tangu vita vya mababu. Hazikwi mtu hapa mpaka nipewe changu."

"Vita gani? Vile mlivyokimbia mkaacha viatu?"

"Tuliviacha makusudi, mpate kitoweo. Haya, niuzie basi. Msitu wote, mizinga, asali, nta, mpaka nyuki ambao hawajazaliwa. Nakupa jogoo."

Waombolezaji walianza kuguna, kile kicheko cha msibani ambacho mtu anakimeza kinamtokea puani. Hata wajane wawili waliokuwa wamezimia pembeni walifungua jicho moja moja.

"Jogoo gani?"

Otmar akaingiza mkono ndani ya koti, akamtoa jogoo amefungwa miguu. Jogoo akawika nusu. Watu wakamsubiri. Akamalizia.

"Chukua!" Nyamizi alipaza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu baba yake afe, meno yake yakaonekana. "Chukua msitu, chukua na wakwe zangu. Nimekuuzia. Lete huyo jogoo, umpishe baba yangu."

Jogoo akapokelewa. Otmar akapanda juu, akajikung'uta vumbi, akashika koleo akawa wa kwanza kufukia. Mzee akazikwa vizuri, na jogoo akaliwa kwa ugali, mapaja wakipewa wazee. Hakuna aliyejua kwamba kabla nyama haijaiva, msitu wa Sikonge ulikuwa umeshapita mikononi mwa wanunuzi watatu ng'ambo.

*

Hapa lazima nieleze habari ya Masikio, la sivyo utadhani watu wa siku zile walikuwa na wazimu.

Zamani watu walitia saini. Mashine zikajifunza saini. Watu wakahamia kwenye alama za vidole. Mashine zikaota vidole. Wakahamia kwenye sura, kwenye mboni ya jicho, na huko nako zikawafuata. Ikafika mahali marehemu wa Mwanza ananunua meli Ugiriki, na meli inakuja. Ndipo nchi zilipokaa na kuandika Mkataba wa Kauli: biashara yoyote ya mali itakayovuka mipaka itashika kwa sauti ya mtu aliye hai, damu yake ikitembea. Kila mfanyabiashara akatiwa Sikio, kidude cha ukubwa wa punje ya kunde, chini ya ngozi, nyuma ya sikio lake la kuzaliwa. Kidude kile kinasikiliza kauli na kupima mapigo ya moyo. Mmoja akitoa neno, mwenzake akalikubali, na kitu kikatolewa na kupokelewa, mkataba umezaliwa.

Ila hauzaliwi pale mlipo. Unazaliwa Bandari Huru, mji wa chuma unaoelea katika bahari kuu, usio na nchi wala raia, mashine tupu, na sheria yake yenyewe. Hata kama mmekubaliana chini ya mnazi wa Tanga mkiwa mmekaa kigoda kimoja, sheria itakayowahukumu ni ya kule.

Sikio halivuliwi. Mtu akitaka kulia au kugombana na mkewe bila Bandari Huru kusikiliza, huko mijini anakwenda dukani kununua kifuniko. Sikonge wana nta. Unachukua donge, unalilainisha kwa vidole, unaziba nyuma ya sikio, na kidude kinakuwa kiziwi kabisa. Na kwa kuwa msibani watani ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaoteka maji na kuwasumbua wafiwa, kuziba Masikio kukawa kazi yao pia. Haikuwahi kuleta taabu.

Habari ya mauzo ililetwa na vigingi. Mzee Mihayo, mtunza ghala wa chama, alikwenda kuangalia mizinga asubuhi, akarudi mbio, mtu ambaye hata nyuki wakimfukuza hutembea.

"Mwenyekiti, kigingi kimeniamkia!"

"Kigingi gani tena, Mzee Mihayo?"

"Vimeshuka kutoka angani, vimejipanga kuzunguka msitu wote. Kimoja kimeniambia, 'Karibu, mgeni mpendwa. Eneo hili lina mkataba. Tafadhali rudi ulikotoka.' Mgeni! Mimi, niliyezaliwa humo humo mama yangu akiwa amefuata uyoga!"

Nyamizi alibonyeza nyuma ya sikio lake na kudai kusomewa mikataba mipya. Akasikia sauti yake mwenyewe, na nyuma yake kilio cha shangazi zake: *Chukua msitu, chukua na wakwe zangu. Nimekuuzia.* Kisha sauti ya mashine, Kiswahili kilichopigwa pasi: "Wakwe wameondolewa katika mkataba, kwa kuwa binadamu si bidhaa. Sehemu nyingine zinabaki na nguvu kamili. Mmiliki wa sasa ni Kampuni ya Tenberg."

Alikaa juu ya debe la asali. Kaya zote za chama zilikuwa zinakula kutokana na msitu ule.

"Mwenyekiti," Mihayo alisema taratibu, "siku ile nani alikuziba Sikio?"

"Otmar."

"Na Otmar alizibwa na nani?"

Nyamizi aliinuka kutoka kwenye debe.

"Basi uliza pia nani kapewa kazi ya kubeba hiyo asali ya Tenberg mpaka bandarini. Mimi nimeshakiuliza kile kigingi. Ni lori moja bovu, limeandikwa nyuma *Mngoni Hakopeshwi*."

*

Alimkuta Otmar amelala tena chali, safari hii chini ya lori.

"Toka," Nyamizi alisema.

"Kila nikilala wewe unanitoa. Umetumwa na mke wangu?"

"Otmar, sina utani leo."

Kisha akajisukuma nje, uso una grisi, akakaa akiegemea tairi. Alimtazama Nyamizi kwa makini, kama fundi anayesikiliza injini ya mtu mwingine.

"Mnyamwezi bila utani," alisema, "hiyo ni habari mbaya kwa taifa."

"Uliuza msitu wetu."

"Sikio langu liliuza. Lina agizo la zamani: mzigo wowote utakaonifikia, litafute mnunuzi mwenye kazi ya lori. Agizo hilo nililitoa mwaka ule giaboksi ilipokufa. Nikalisahau."

"Ukalisahau."

"Wewe hujawahi kusahau kitu?"

"Na Sikio lako mwenyewe hukuliziba?"

"Nililiziba. Likafunguka, kama lako."

Nyamizi alifungua fundo kwenye ncha ya kanga. Ndani yake kulikuwa na donge dogo la manjano, lile alilolikuta limeteleza mpaka kwenye ukosi wa gauni lake siku ya mazishi. Alikuwa ameliweka bila kujua analiwekea nini.

"Mimi nimezaliwa na nta," alisema. "Nta haiyeyuki nyuma ya sikio la mtu. Kabla haijayeyuka, mtu mwenyewe ameshaiva."

"Umelinusa?"

Alikuwa hajalinusa. Akalipeleka puani. Chini ya harufu ya asali na moshi kulikuwa na nyingine, nzito, ya jikoni. Mawese, mafuta ya bei rahisi yanayoongeza uzito wa nta na kuilegeza.

"Nani alichanganya hii?"

Otmar alichukua kitambaa akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, akichukua muda wake wote.

"Donge hilo nililichukua ghalani kwenu, kwenye magunia yaliyofungwa tayari kusafirishwa. Au nilitoka nalo nyumbani kwangu. Chagua mwenyewe, mtani. Lakini ukichagua, chagua ukiwa umekaa."

Akarudi chini ya lori, akaanza kupiga mluzi. Nyamizi aliondoka ameifumbata ncha ya kanga ngumini. Kila gunia la nta lililotoka Sikonge lilitoka kwa kauli yake yeye: *ni nta safi, haina kitu ndani.* Njia nzima alikuwa anamlaani Otmar kwa wizi, na akichoka anamlaani kwa kumtia shaka juu ya watu wake, kisha anaanza upya.

*

Baraza la Bandari Huru lilikaa kusikiliza shauri la msitu katika ukumbi wa chama, saa za mchana, watu wamejaa mpaka madirishani. Baraza lenyewe lilikuwa sauti tu, ikitoka kwenye bakuli la chuma katikati ya meza. Upande wa pili wa meza alisimama Wakili Annelise Voorn wa Kampuni ya Tenberg, aliyetengenezwa kwa mwanga. Alionekana kuanzia kiunoni kwenda juu tu, kwa sababu mtandao wa Sikonge ulikuwa haujafika kwenye miguu.

"Neno la kuuza lilitamkwa?" Baraza liliuliza.

"Lilitamkwa," Nyamizi alijibu.

"Jogoo alitolewa?"

"Alitolewa."

"Yuko wapi?"

"Aliliwa."

"Na nani?"

Nyamizi aliangalia watu ukumbini. Wengine wakaangalia dari. "Na sisi sote, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo malipo yalipokelewa na kutumika yote."

"Mheshimiwa, ule ulikuwa utani! Mababu zetu walipigana na mababu zake. Walipochoka kuuana waliamua watukanane. Mngoni akija kwenye msiba wangu anaweza kunidai hata mwezi, na mimi nitamwambia aupande akauchukue. Hakuna anayekwenda kuuchukua!"

Wakili Voorn aliinamisha kichwa kwa adabu. "Naheshimu mila hiyo. Lakini mteja wangu yuko mbali, alinunua kwa nia njema. Alisikia sauti hai ikisema *nimekuuzia*. Hakuona kaburi. Ameshaahidi nta hiyo kwa watengenezaji wa mishumaa, na wao wameshawaahidi wengine. Kama kila muuzaji anaweza kugeuka kesho na kusema alikuwa anatania, nani atathubutu kununua chochote kwa mtu asiyemwona?"

Hata waliokuwa wanamchukia walikiri moyoni kwamba mama yule wa nusu alikuwa na hoja.

"Baraza limeangalia mapigo ya moyo," sauti ilisema. "Muuzaji alikuwa na dhiki kubwa. Alipotamka maneno ya kuuza, dhiki ilipungua. Alipata nafuu. Baraza linaichukua nafuu hiyo kuwa ridhaa."

"Ndiyo kazi ya mtani hiyo!" Nyamizi alisema. "Kumpa nafuu mtu anayemzika baba yake. Ndicho alichokuja kufanya."

Otmar, kwenye benchi la nyuma, alikuwa anachunguza kucha zake.

"Baraza linaweza kuukubali utani kuwa sababu ya kuvunja mkataba," sauti iliendelea bila haraka. "Litakapofanya hivyo, litalazimika kuweka alama ya shaka kwenye kila sauti inayotoka katika makabila yenye utani, ili wanunuzi wajue. Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, hiyo ni karibu nchi yote. Muuzaji anaomba hivyo?"

Mtu mmoja dirishani alisema "Mungu wangu" na mwingine akamziba mdomo. Mwenye mkonge, mwenye korosho, mwenye kahawa, wote wangeamka kesho hakuna mashine ng'ambo inayoamini kauli yao, kwa ajili ya msitu wa Sikonge. Nyamizi alitikisa kichwa.

"Siombi hivyo."

"Ipo njia nyingine. Kama mnunuzi wa kwanza alikusudia kulaghai, mkataba ni batili tangu mwanzo, hata kwa aliyeununua baadaye kwa nia njema. Sauti ya mlaghai itafutwa. Kuanzia hapo hakuna mashine itakayoisikia: ya dukani, ya hospitali, ya kisimani, ya mlangoni. Muuzaji peke yake ndiye anayeweza kumshtaki. Anamshtaki?"

"Sema ndiyo," Mzee Mihayo alimnong'oneza kutoka nyuma, pumzi yake ya tumbaku ikimfikia shingoni. "Mwenyekiti, sema ndiyo, tumalize. Kila mtu anajua ni yeye. Kazi ya lori tayari kapewa!"

"Endapo shitaka linahusu nta iliyochezewa," Baraza liliongeza, "nta hiyo itapimwa, na nta ya ghala la chama itapimwa pia, ili kulinganisha."

Nyamizi alisubiri mnong'ono mwingine. Haukuja.

Aligeuka. Mzee Mihayo alikuwa ameinama, anatafuta kitu sakafuni, na sakafuni hapakuwa na kitu.

Hapo ndipo Nyamizi alipoelewa ukubwa wa shimo. Akimshtaki Otmar, ghala litafunguliwa. Mawese yakikutwa kwenye magunia, basi kauli yake yeye mwenyewe ilikuwa ya uongo tangu lini hajui, na mikataba yote ya chama itaanguka pamoja na ule wa jogoo. Yasipokutwa, amemfuta Mngoni aliyemchekesha siku baba yake anazikwa. Akinyamaza, vigingi vinabaki na watoto wa watu wanalala njaa.

"Hakuna haja ya kupima ghala la watu."

Otmar alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Niliichanganya mimi," alisema. "Mawese, jikoni kwangu, kwa mkono huu. Nikamziba kwa nta laini ili ianguke, na langu sikuliziba. Nilitaka kazi ya lori. Mmeridhika?"

Ukumbi ulilipuka kwa matusi, na safari hii hayakuwa ya utani. Bakuli la chuma lilinguruma kidogo, kama paka.

"Mapigo ya msemaji yametulia," Baraza lilisema. "Kauli ni ya kweli. Kupima si lazima tena. Muuzaji anaikubali?"

Nyamizi alimtazama Otmar. Otmar alikuwa anatazama feni ya darini, kama mtu anayesubiri kinyozi amalize na mwenzake. Mapigo yametulia, imesema mashine. Lakini huyu ni mtu aliyebobea kusema maneno makubwa bila kupepesa jicho; angeweza kuapa kwamba Ziwa Nyasa lilichimbwa na mjomba wake, na moyo usiruke hata mara moja. Mashine ingejuaje? Yeye mwenyewe angejuaje? Labda alikuwa mwizi aliyebanwa ukutani akaamua kukiri kabla hajashtakiwa. Labda alikuwa anafanya utani mkubwa kuliko wote uliowahi kufanyiwa Wanyamwezi, na gharama yake alikuwa anailipa kwa sauti yake.

Alitaka kumuuliza. Mbele ya bakuli lile hakuweza.

"Naikubali," alisema.

"Mapigo ya muuzaji hayajatulia," Baraza lilisema. "Lakini yanatosha."

Nyuma ya sikio la Otmar kitu kililia *tik*, kama ukucha ukikatwa. Wakili Voorn alikusanya makaratasi yake ya mwanga, akawatakia mchana mwema, akazimika. Na kutoka upande wa msitu ulisikika mlio mrefu, vigingi vikijing'oa kimoja kimoja na kupaa. Watu walikimbilia madirishani, wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakaruka nje kwa dirisha wakaone kwa macho yao.

Otmar alikwenda mlangoni kama mtu mwenye adabu.

"Fungua," aliuambia mlango.

Mlango ukatulia.

"Fungua, shemeji."

Mlango ulikuwa mpya, wa sauti, chama kiliununua kwa fahari. Haukusikia mtu. Watu waliobaki ndani walimtazama, na hakuna aliyesogea. Mmoja alitema mate pembeni.

Nyamizi alitembea mpaka pale akasimama karibu naye, mabega yao karibu kugusana, wote wawili wameutazama mlango.

"Otmar," alisema kwa sauti ya chini. "Ulifanya kweli?"

"Hata mlango hauniamini, mtani. Utaniamini wewe?"

Alimchungulia usoni. Grisi ya lori ilikuwa bado imebaki kwenye nyusi. Mdomo ulikuwa unacheka kidogo, lakini ule mdomo ulikuwa unacheka hata ukiwa umelala.

"Fungua," Nyamizi aliuambia mlango.

Mlango ukafunguka. Otmar akavaa kofia na kutoka juani, hakusema ahsante, hakugeuka. Njiani alikuwa anawaza labda namna ya kuwasha lori ambalo nalo halitamsikia.

Mzee Mihayo alikuja pole pole, anajifuta kipara kwa kitambaa. Rangi ilikuwa imeanza kumrudi usoni.

"Tumepona, mwenyekiti," alisema. "Lakini yule, baada ya yote yale... Ina maana umemwamini?"

"Sijamwamini. Nimemfungulia mlango tu."

Ghala la nta ndilo jengo pekee la chama lililobaki na kufuli la chuma, kwa sababu nyuki walikuwa wanajenga ndani ya kila kitasa cha sauti kilichowekwa pale. Nyamizi alinyoosha mkono, kiganja juu.

"Nawe nipe funguo za ghala."